Kozi ya Wiki Mbili

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia watu kwamba siendeshi gari kwa sababu ya msimamo. Niliwaambia wanafunzi wangu wa chuo, niliwaambia majirani, nilimwambia hata mchungaji aliyetaka kunipa kazi ya kuwabeba akina mama wa kanisa. Niliwahi kuandika makala ndefu gazetini nikisifu miguu: jinsi anayetembea anavyoujua mji kwa nyayo zake, na jinsi mwenye gari anavyoutazama kupitia kioo kama mtu aliyeketi mbele ya televisheni. Watu waliipenda makala hiyo. Kuna mwalimu wa sekondari aliyewasomea wanafunzi wake darasani, nami nikaona fahari kweli.

Ilikuwa uongo. Siendeshi gari kwa sababu naogopa.

Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu nilijiandikisha kujifunza udereva. Nilienda mara tatu. Mara ya nne nililiona gari la shule limeegeshwa kando ya kioski, ile herufi L nyekundu ya wanaojifunza ikiwa imesimama juu ya paa, mwalimu ameegemea mlango akila mahindi ya kuchoma, nikapita. Nilipita moja kwa moja, macho mbele, kama mtu aliyekuwa na shughuli zake. Mwalimu aliniita. Nikaongeza mwendo. Nilitembea hadi barabara ilipoishia, nikazungukia nyuma ya soko, nikarudi nyumbani. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa msimamo wangu.

Ningeendelea kuficha jambo hili mpaka kaburini, na nadhani ningefaulu. Lakini mwaka jana woga wangu uliacha kuwa shauri langu peke yangu.

Mume wangu ni seremala. Ana kibanda katika soko la Gikomba, upande wa mbao, na kazi yake kubwa ni vitanda. Ana stesheni wagoni kuukuu ambayo zamani ilikuwa ya kijani. Kitanda kikiisha hukifunga juu ya paa kwa kamba na kukipeleka kwa mteja mwenyewe, mitaa yote ya Eastlands, hadi Kware ambako hulazimika kukifungua na kukipandisha kipande kwa kipande, ghorofa ya saba, ngazi nyembamba kama koo. Wateja wanampenda kwa hilo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuruhusiwa kushika usukani wa gari lile. Anasema lina tabia zake.

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia kwamba ana presha ya macho. Alieleza taratibu, mimi nikiwa nimeketi kando: uwezo wa kuona pembeni umekwisha kuliwa, kulia zaidi kuliko kushoto, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone italinda kilichobaki. Kuhusu gari, aache.

Tulipofika nje mume wangu alivaa kofia yake akasema, "Daktari mzuri. Amesema nipunguze."

"Amesema uache."

"Wewe msomi una masikio makali sana. Amesema niwe mwangalifu. Mimi naona uzi ukiingia kwenye tundu la sindano."

Na ni kweli, anauona. Huo ndio ubaya wa ugonjwa wenyewe. Unamwachia mtu dirisha dogo katikati, na dirisha hilo ni safi kabisa. Anaona msumari. Anaona mstari wa penseli kwenye mbao. Anasoma maandishi madogo ya chupa ya dawa ambayo mimi, mwenye macho mazima na digrii mbili, nahitaji miwani kuyasoma. Asichokiona ni mlango wa kabati ulioachwa wazi, au kikombe kilicho karibu na kiwiko chake. Mwaka ule tulivunja vikombe vingi kuliko wakati watoto walipokuwa wadogo.

Nilimwomba aajiri dereva. Alikataa. Nilimwomba auze gari. Aliniangalia kana kwamba nimesema auze mkono. Mwishoni, nadhani kwa kuchoka tu kunisikia, alisema: "Siku utakayoniletea leseni yako, mimi nitakupa ufunguo. Hapo hapo, mkononi."

Alijua anachosema. Yeye ndiye mtu pekee duniani aliyejua habari za yule mwalimu wa mahindi. Alikuwa ameuficha ufunguo wake mahali ambapo aliamini sitafika kamwe.

"Sawa," nikasema.

Alicheka mpaka akapangusa machozi, ndipo nikakumbuka ilikuwa saa ya matone.

Shule ya udereva ya mtaani kwetu iko orofa ya kwanza, juu ya duka la chakula cha kuku, kwa hivyo kila nilichojifunza kuhusu sheria za barabarani kinanukia pumba. Mwalimu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kofia ya sufi kichwani hata jua likiwaka, chingamu mdomoni muda wote, na kila mama kwake ni mathe.

"Mathe, niaje. Umemleta nani?"

"Nimejileta."

Aliacha kutafuna kidogo. "Poa sana. Keti."

Ukutani palikuwa na bango la kozi mbili. Ya haraka ilikuwa ya wiki mbili: kila siku masaa mawili asubuhi na masaa mawili alasiri, kisha mtihani kabla mambo hayajapoa kichwani. Ya kawaida ilikuwa miezi mitatu, mara mbili kwa wiki. Nilimuuliza ile ya haraka inamfaa nani, nikatoa daftari. Alilitazama lile daftari kwa huruma.

"Inafaa mtu ashaguza usukani," akasema. "Msee amekuwa akiendesha tuktuk miaka mitano, barabara anaijua, anataka tu makaratasi. Ama mtu amepata kazi, wamemwambia alete leseni mwisho wa mwezi, na hana shughuli ingine. Hiyo masaa manne kwa siku si mchezo, mathe. Ukitoka hapa hutaki hata kuongea na mtu. Halafu inafaa mtu hashtuki. Akikosea asubuhi, alasiri ashasahau. Wewe ukikosea unasahau?"

Kwenye harusi ya dada yangu nilishika kipaza sauti nikamtaja bwana harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa dada. Dada yangu sasa ana wajukuu, na mimi bado nikikumbuka kile kipaza sauti nahisi joto masikioni.

"Nasahau," nikasema.

"Umewahi kuguza usukani?"

"Kidogo. Zamani."

Aliniambia nisiamue bado. Kozi zote mbili zilianza na wiki moja ya ubao, na baada ya ubao tungejua.

Ubao ni mji. Kabla ya kukupeleka barabarani, mtahini wa serikali hukusimamisha mbele ya meza iliyochorwa mji mzima: barabara kuu, barabara za kando, taa, mzunguko wa makutano, maegesho. Anakupa gari la kuchezea, anakuambia toka hapa nenda pale, nawe unalisukuma kwa vidole huku ukitaja kwa sauti kila unachofanya. Natazama kioo. Natoa ishara. Nampisha anayetoka kulia. Wanaume wazima waliovaa makoti huinamia meza na kusukuma vigari vya watoto, jasho likiwatoka. Kila aliyepata leseni nchi hii amepitia hapo, na hakuna anayependa kuzungumzia.

Mimi niliupenda ubao. Hatimaye barabara niliyoweza kuisoma! Niliiona yote mara moja kutoka juu, kama ukurasa, na hakuna gari lililosogea mpaka nilisogeze mimi. Siku ya tatu mwalimu aliwaita wanafunzi wengine waje kunitazama. "Oneni mathe. Kwa ubao huyu ni profesa." Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Nilitaka kufanya mazoezi nyumbani, kwa hivyo mume wangu alinikatia plaiwudi, akailainisha kwa msasa, nami nikauchora mji kwa wino mweusi. Alinichongea pia gari dogo la mti, lenye magurudumu yanayozunguka kweli. Alikuwa akinidhihaki, lakini hawezi kutengeneza kitu kibaya hata kwa dhihaka.

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa mezani, vyombo vimeshaondolewa, mimi nikizunguka mji wangu. Alinitazama kwa muda, akavuta kiti.

"Hebu lete hapa nikuonyeshe vile watu huendesha."

"Utaje kila unachofanya."

"Miaka thelathini sijataja. Haya. Naondoka. Natazama kioo. Mke wangu yuko kwenye kioo, ananitazama kwa wivu."

Nilichukua kifuniko cha soda kiwe gari la pili. Alipokaribia mzunguko nilikileta kifuniko kutoka kulia, polepole, maana kulia ndiko unakopaswa kupisha. Hakupisha. Aliingia, na gari la mti likagonga kifuniko.

"Umekuja ghafla," akasema.

Tukarudia. Nilikwenda kwa mwendo wa konokono, kifuniko kikikwaruza plaiwudi. Aligeuza kichwa kuufuata mkwaruzo, akakiona, akasimama. "Unaona? Nimekupisha."

Mara ya tatu sikukikwaruza. Nilikiinua kwa vidole viwili na kukiweka mdomoni mwa mzunguko, upande wa kulia, kabla hata hajaondoka. Nikakiacha pale. Mikono yangu niliiweka mapajani. Mume wangu alikuja na gari lake akitaja kila kitu kwa sauti ya mtahini, kioo, ishara, gia, akatazama mbele vizuri, akasema, "Hakuna mtu, naingia," akaingia. Kifuniko kiliruka, kikaanguka sakafuni, kikazungukazunguka juu ya saruji kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani kifuniko kinaweza.

Aliinama kukitafuta. Kilikuwa kando ya kiatu chake cha kulia. Alipapasa upande mwingine, akainuka bila kitu.

"Huu mzunguko umeuchora mdogo," akasema.

"Ndiyo. Nitaurekebisha."

Alikwenda kunawa mikono, ingawa haikuwa na uchafu. Asubuhi iliyofuata nilisimama langoni nikamtazama akiondoka na kitanda juu ya paa, nikaendelea kusikiliza mpaka sauti ya gari ilipomezwa na sauti nyingine. Kisha nikaenda moja kwa moja shuleni nikasema nataka ile ya wiki mbili.

Mwalimu alinitazama. "Una haraka ya nini, mathe?"

"Nina sababu."

"Kila mtu ako na sababu. Gari haijui sababu yako." Akafungua daftari lake. "Tufanye hivi. Kesho, kesho kutwa, na Alhamisi, tunaenda mwendo wa wiki mbili. Jaribu tu. Jumatatu unaniletea fomu umeweka alama. Ukisema haraka, napeleka jina lako kwa mtihani. Ukisema kawaida, pia sawa, hakuna mtu atakucheka."

Siku ya kwanza niliizima injini mara nyingi mno. Kila nilipoachilia klachi gari liliruka kama lililochomwa sindano, likafa. "Mathe, mguu wa kushoto uamshe polepole," mwalimu alikuwa akisema. "Usiiteme klachi kama dawa chungu." Alikuwa na breki yake upande wake na aliitumia bila kuacha kutafuna. Lakini kufikia alasiri, kwenye barabara za nyuma ya viwanda ambako hakuna mtu ila malori yaliyolala, niliendesha gia ya pili kutoka lango moja mpaka lingine, mita mia mbili hivi, na hakuna aliyekufa.

Nilimwambia mume wangu wakati wa chakula.

"Gia ya pili?" akauliza.

"Ya pili."

"Mm," akasema, akaendelea na ugali. Hakucheka. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuamini kwamba ningeweza kweli kufika mahali alipoficha ufunguo.

Siku ya pili mwalimu alinipeleka pembeni mwa soko. Hapo nilijifunza kwamba mikokoteni haina breki wala huruma, na kwamba kila mtu mwenye mdomo ana ushauri kwa mwenye herufi nyekundu juu ya paa. "Mama, songa, hapa si sebuleni!" "Mwalimu, huyo mpeleke nyumbani akapike!" Hamali mmoja aliyebeba robota la mitumba mgongoni alitupita kwa miguu, akageuka akanipungia mkono. Mwalimu aliteremsha kioo. "We, nenda na mzigo wako! Huyu ni profesa!" Watu walicheka zaidi.

Masaa mawili asubuhi, masaa mawili alasiri. Katikati nilirudi nyumbani nikalala sakafuni, miguu juu ya kochi, nikitazama dari. Insha za wanafunzi zilikuwa mezani hazijasahihishwa. Niliposhika kalamu, mguu wa kushoto ulitafuta klachi chini ya meza. Nimeishi na uchovu wa kila aina: wa kunyonyesha, wa mazishi, wa vikao vya idara. Huu ulikuwa wa mtu anayeogopa kwa masaa manne kila siku huku akijifanya anajifunza.

Siku ya tatu nilitarajia kuwa bora kuliko ya pili. Nilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mguu ulisahau kila kitu. Saa nne tulifika kwenye mzunguko, mzunguko wa kweli, nami nikangoja nafasi kama ilivyo kwenye ubao. Nilikuwa nimechoka sana. Kwa kufumba na kufumbua niliuona mji wote kutoka juu, barabara zote nne zikiwa zimechorwa wino mweusi, na kigari changu kidogo kikingoja pale chini, nikakisukuma. Nilikuwa nimesahau kwamba nimo ndani yake.

Mwalimu alikanyaga breki. Lori la kabichi lilipita mbele ya pua zetu, honi ikilia mpaka lilipopotea.

Hakunigombeza. Aliniambia nitoke, akaendesha mwenyewe hadi kwenye kibanda cha chai, akaagiza vikombe viwili. Alitoa chingamu mdomoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Mathe, nikuambie ukweli? Kuna watu ni mayai. Moto mkali, dakika kumi, tayari. Wewe ni maharagwe. Nikikuwekea moto mkali, nje unaungua na ndani bado ni mawe."

"Lakini unaweza kunipitisha kwa wiki mbili?"

"Naweza. Ubao hata umelala utapita. Barabarani, mtahini akiamka vizuri, utapita. Halafu kesho yake utaingia kwa gari peke yako, na mimi siko hapo na breki yangu. Hiyo ndiyo habari sitaki kuletewa." Akapuliza chai. "Nani anakukimbiza?"

Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu daktari, kuhusu ufunguo, kuhusu kifuniko cha soda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumweleza mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, akarudisha chingamu.

"Sasa hiyo si swali ya kozi," akasema. "Hiyo ni swali ya mzee."

Ijumaa sikutoka nyumbani. Fomu ilikuwa mezani, juu ya insha, na miraba yake miwili: haraka, kawaida. Niliigeuza upande wa pili, nikaigeuza tena. Nikiweka alama kwenye kawaida, nampa mume wangu miezi mitatu mingine ya kuendesha gari na dirisha lake dogo, kila asubuhi, kitanda juu ya paa, watu wakivuka kutoka kulia. Nikiweka alama kwenye haraka, baada ya wiki mbili anashuka yeye napanda mimi, na mwalimu alikuwa amekwisha kuniambia mimi ni nini. Yaani nilikuwa nikichagua nani kati yetu amgonge mtu. Maswali ya aina hii huwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, waandike kurasa nne, na huwa nawakata alama wakishindwa kufikia uamuzi.

Jumamosi, wakati wa kifungua kinywa, nilijaribu mara ya mwisho.

"Baba, nikichukua ile ya miezi mitatu, si ungeacha gari sasa? Ungoje tu."

"Tulikubaliana nini?"

"Leseni, ufunguo."

"Basi." Aliinuka, akakwepa mlango wa kabati, ambao siku hizi nahakikisha nimeufunga, lakini huukwepa hata hivyo. "Leo napeleka kitanda Kiamaiko. Karibu tu. Saa sita nitakuwa nimerudi."

Alipoondoka nilichukua kalamu na kuweka alama kwenye haraka. Niliiweka kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kubadilisha nia. Kisha nikalala sakafuni, miguu juu ya kochi. Ilikuwa saa tano kasorobo simu ilipoita.

"Mama," akasema.

Huwa ananiita msomi, au profesa, au ananiita tu kwa kukohoa. Niliketi.

"Uko wapi?"

"Kiamaiko. Usishtuke. Gari limesimama, mimi nimesimama, kila mtu amesimama."

Nyuma yake nilisikia mbuzi, wengi, na wanaume wakizungumza wote kwa pamoja.

"Umegonga nini?"

"Mbuzi. Sikumgonga hasa, nilimsukuma. Alilala kidogo, ameamka. Sasa anatafuna kamba ya kitanda changu, na sina uso wa kumkataza."

"Na watu?"

"Hakuna mtu. Walikuwa wanavusha mbuzi wa machinjioni kutoka kulia. Ishirini na kitu, wanasema. Barabara nzima mbuzi. Mimi sikuona hata mmoja. Nilitazama mbele vizuri kabisa nikasema hakuna mtu, nikaingia. Kama kile kifuniko."

Sikuwahi kujua kwamba alikuwa amejua.

"Mwenye mbuzi yuko wapi?"

"Yuko hapa. Amenitusi vizuri sana, matusi mengine sijayasikia tangu nikiwa kijana. Alinijia dirishani, akaniuliza, 'Mzee, wewe ni kipofu?'"

Mbuzi walilia.

"Nikamwambia ndiyo."

Nilikuwa nimeshika fomu, sijui niliichukua saa ngapi.

"Akasemaje?"

"Aliniambia niteremke, akaingia mwenyewe, akaliegesha kando ya ukuta. Hata gia hakusaga, na ujue lile gari lina tabia zake. Sasa ananiuliza kama niko na mtu wa kuniendesha. Nimemwambia yuko, lakini bado yuko shule."

Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

"Usilie, watu wako hapa. Sikiliza. Ile karatasi yako, andika ile ndefu, ya miezi mitatu. Ufunguo wa gari nimeutoa kwenye pete ya funguo za kibanda, uko mfuko wa shati, utauchukua leo. Usingoje leseni."

"Na vitanda?"

"Vitanda vitapanda mkokoteni. Kwani tulianza na nini? Wewe jifunze vile unajifunza."

"Kaa hapo hapo, Baba. Nakuja."

"Unakuja na nini?"

"Na miguu."

Hapo alicheka, kile kicheko chake kirefu, nikasikia na mwenye mbuzi akicheka bila kujua ni kwa nini.

"Kama kwenye ile makala yako," akasema. "Haya. Njoo polepole. Mimi siendi popote."